Sura ya Sita: Kwa Nini Juha Alikuwa na Mke

Toleo la 22 la kitabu cha katuni cha Marekani, Pep Comics, lenye tarehe ya Desemba 1941, lilimleta ulimwenguni kijana mmoja mwenye nywele nyekundu na madoadoa usoni. Jina lake Archie Andrews. Mchoraji wake wa kwanza, Bob Montana, alimweka katika mji wa kubuni uitwao Riverdale, akampa rafiki mlafi, gari bovu, mwalimu mkuu mnene, na wasichana wawili wa kumsumbua akili: Betty aliyempenda na Veronica aliyempenda siku alizojisikia kumpenda. Kufikia 1946 kijana huyo alikuwa ameshika umaarufu hata kampuni iliyomchapisha ikajibatiza jina lake. Ng'ambo ya bahari, Waingereza walikuwa na Beano tangu 1938, na Machi 1951 wakampata mtoto wao mtukutu, Dennis the Menace, mwenye nywele zilizosimama kama aliyepigwa na radi.

Vitabu hivi vilifurika katika miaka ya 1940 na 1950, na ukivitazama vingi kwa pamoja utaona vinaishi kwa chakula kimoja. Kijana wa katuni ana saa nyingi za alasiri ambazo hakuna mtu mzima anayezidai. Ana senti mfukoni, hazitoshi, lakini zipo. Ana kona ya kukaa na wenzake, duka la soda au uwanja wa nyuma wa shule, ambako wazee hawapiti. Hapo ndipo vituko vinapozaliwa. Mnyang'anye kijana huyo alasiri yake na kisa kinakufa.

Basi tumchukue Archie, mwaka huohuo wa 1951, tumshushe Tarime, katika mkoa ambao leo ni Mara.

Wilaya wakati huo iliitwa Mara Kaskazini. Kijana wa miaka kumi na mitano wa Nyamwaga au Bukira hakuwa na alasiri ya kuchezea. Alasiri ilikuwa ya ng'ombe. Upande wa kusini, kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wa eneo ambalo leo ni wilaya ya Serengeti, ilikuwa ya mbuzi, ya shamba la mtama, na ya mawindo, nayo mawindo yalikuwa yakianza kupata mwenyewe mwingine: mwaka huo wa 1951 Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa, na kadiri mipaka yake ilivyokazwa, kijana aliyefuata nyumbu pale babu yake alipowafuata alijikuta ana jina jipya, jangili.

Tatizo kubwa la Archie, hata hivyo, lisingekuwa ng'ombe. Lingekuwa umri wake wenyewe. Kwa Wakurya wa Tarime mtu hakuota ujana polepole, leo sauti inakwaruza, kesho ndevu mbili. Alikuwa mtoto, kisha likaja jando la mwaka wa rika lake, akakatwa mchana kweupe watu wakimtazama kama atapepesa jicho, na akirudi nyumbani huku akiimbiwa na ukoo mzima tayari ni mtu mwingine. Wavulana waliotahiriwa msimu mmoja wakawa rika moja, saaro moja, maisha yao yote. Kuanzia hapo kijana ni mura: wa kulinda mifugo, wa kujenga nyumba, wa kutazamiwa kuoa. Kile kipindi kirefu cha mtu kutokuwa mtoto wala mtu mzima, ambacho Riverdale imekijaza visa elfu kadhaa, hapa kilikuwa cha wiki chache za kuuguza kidonda.

Wasichana nao walikatwa, na kwao njia ilikuwa fupi zaidi, kwa maana baada ya kidonda ilifuata ndoa. Hilo halina cha kuchekesha na sitalitafutia. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado kila ifikapo Desemba ya msimu wa ukeketaji, wasichana wa Tarime na Serengeti hukimbilia nyumba za hifadhi za Masanga na Mugumu. Ninalitaja hapa kwa sababu anayeuliza kwa nini Betty na Veronica hawakuwa na dada zao katika katuni za Kiswahili za enzi hizo, sehemu ya jibu iko hapo.

Turudi kwa mgeni wetu. Tumwite Chacha, ili majirani wasimshangae. Amempenda Bhoke, lakini Ghati naye anamtazama kisimani. Katika katuni ya Marekani kigugumizi hiki kinaweza kuendelea miaka themanini, na kweli kimeendelea. Nyamwaga kingeisha kabla ya magharibi. Chacha haoi kwa mfuko wake. Anaoa kwa ng'ombe wa dada yake, Rhobi, waliokuja Rhobi alipoolewa, na ambao baba anawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe. Mahari ya Wakurya ilijulikana kwa ukubwa wake, hata serikali ya kikoloni ikajaribu kuiwekea kikomo, na ikashindwa. Kwa hiyo swali la Bhoke au Ghati si la Chacha peke yake. Ni la Rhobi, la mume wa Rhobi, la mama anayetaka mkwe wa kumsaidia kusaga ulezi, la wajomba, na la yule fahali mwekundu ambaye pande mbili bado zinabishana kama alihesabiwa. Kuna vichekesho humo, tena tele, ila ni vichekesho vya watu wazima wakigombania ng'ombe. Chacha mwenyewe amesimama nyuma ya boma, hana mstari hata mmoja wa kusema.

Nadhani wahariri wa magazeti ya Kiswahili waliliona jambo hili, hata kama hawakulisema hivyo. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, lilijaa mashairi, habari za kilimo na mawaidha, na katika miaka ya 1950 likaanza kuwa na picha za kuchekesha. Nairobi kulikuwa na Baraza, lililoanza 1939, na Tazama. Hata matangazo ya siagi ya kopo yalichorwa kwa visanduku, mtu wa kwanza akiwa hoi na wa mwisho akitabasamu. Na katika kurasa hizo alizaliwa shujaa ambaye hakuwa kijana hata kidogo. Alikuwa juha.

Kulikuwa na Juha Kasembe. Kisha akaja yule aliyewashinda wote kwa umri, Juha Kalulu wa Edward Gitau, mjinga aliyepewa jina la sungura, mnyama ambaye ngano zetu zote humfanya mjanja. Juha Kalulu alikaa katika Taifa Leo kwa miongo mingi, wasomaji wakizaliwa, wakisoma, wakistaafu, yeye yuleyule. Hakuwa na shule ya kutoroka wala msichana wa kumwandikia barua. Alikuwa na mke, Seera. Alikuwa na kodi, njaa, majirani, na mipango ya utajiri ambayo kila mara ilivunjika katika kisanduku cha mwisho.

Kutoka Tarime, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam, na si karibu kidogo. Barabara inapanda hadi Sirari, unavuka, uko Isebania, na watu wanaokusalimu upande wa pili ni Wakurya walewale wenye koo zilezile. Katika miaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka huo haukuwa na ukali wowote. Gazeti lilisafiri kama chumvi ilivyosafiri: kwa dereva, kwa mwalimu aliyekuwa likizo, kwa askari aliyerudi nyumbani, na Wakurya walikuwa wengi jeshini na polisi. Likishafika halikuwa la mtu mmoja. Anayejua kusoma anasoma kwa sauti, wengine wanaegemea mabega yake kuona picha, na anayeona picha kwanza anacheka kabla msomaji hajafika kwenye kichekesho, naye anakemewa.

Kwa nini mtu mzima? Wapo watakaosema wachapishaji walimlenga mfanyakazi wa mjini, aliyekuwa na senti za kununulia gazeti, nao watakuwa na haki. Mimi naona na jambo jingine. Mtoto wa Kikurya, na tuseme ukweli, mtoto wa karibu kila kabila la pande hizi, hakuruhusiwa kumcheka mtu wa umri wa baba yake. Babu na bibi unaweza kuwatania: bibi atakuita mume wake na wewe utamwambia akapike vizuri la sivyo utaoa mwingine. Wa rika lako unaweza kumtania mpaka machozi. Baba, hapana. Mbele ya baba unakaa kimya na kutazama chini. Halafu inaletwa karatasi, na ndani yake yumo mwanamume mwenye mke na nyumba, mwenye umri uleule wa baba, anaanguka mtoni na kofia yake, na wewe uliyekatazwa unaweza kumcheka mpaka mbavu ziume. Hakuna aliyekosewa heshima, Juha si wa ukoo wowote.

Huko Riverdale vijana walijicheka wenyewe na wazazi wao wakatabasamu kwa mbali. Kwetu kijana alipewa mzee wa kumcheka. Ukinilazimisha kuchagua, sioni kwamba sisi ndio tuliopunjika.

Uhuru ulipokuja, juha alihamia Dar es Salaam na kupata kazi ya siasa. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru mwishoni mwa miaka ya 1960, na Chakubanga naye ni mtu mzima, mpenda pombe na makuu, ambaye Ujamaa ulimpita kushoto. Vijana wakati huo walikuwa wanaandamwa kwa njia isiyo ya mzaha: Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulianza Operesheni Vijana, na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikageuka kosa la kukamatiwa barabarani. Taifa lilikuwa limegundua kwamba lina vijana wa namna ya Riverdale, na halikufurahi. Waliotaka ubarubaru wa kusoma wakaukuta katika African Film, kitabu cha picha za kamera cha kampuni ya Drum, ambamo Lance Spearman, mwenye kofia na sigara kubwa, alikomesha wahalifu akisaidiwa na Sonia na kijana Lemmy. Vituko vilikuwa vya ngumi. Wa kucheka hakuwepo.

Na sasa nafika mahali ambapo mkoa wa Mara wenyewe unaingia katika habari hii, bila kukusudia.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio lililotoka huko tunalikumbuka kwa mambo mawili: kwamba anayetaka Chuo Kikuu aende kwanza kazini, na kwamba kila mtoto wa Tanzania awe darasani kufikia 1977. Hili la pili lilileta UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote: madarasa chini ya miti, walimu waliofundishwa kwa njia ya posta na redio, na wanafunzi ambao hawakuwahi kuwa na nafasi. Wazazi wao walikuwa tayari wanakokota herufi. Mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO ulianzia Mwanza mwaka 1968 na kuhudumia mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, na kuanzia 1974 ukawa na gazeti lake, Elimu Haina Mwisho. Wazo la watu waliokutana Musoma lilikuwa kuleta wakulima bora. Pamoja na wakulima likaleta kitu ambacho hakikuwemo kwenye ajenda: mtoto wa Mugumu au wa Nyamongo mwenye miaka kumi na minne, amevaa kaptula ya kaki, anakaa dawati moja na msichana asiye wa ukoo wake, na ana saa nzima ya mapumziko ambayo hakuna ng'ombe anayeidai.

Alasiri ya Archie ilikuwa imefika, ikiwa na kengele ya chuma cha gurudumu kilichoning'inizwa mwembeni.

Vitabu vya shule viliwapa watoto hao vichekesho vyao vya kwanza vya chapa. Aliyesoma miaka hiyo hahitaji kuelezwa habari za Bulicheka na mkewe Lizabeta, wala jina la Wagagagigikoko, ambalo darasa zima lilishindana kulitamka bila kujikwaa. Angalieni tena: Bulicheka naye ana mke. Hata serikali ilipotaka kumchekesha mtoto, ilimletea watu wazima waliooana.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa watu wa Sirari hiyo haikuwa habari ya redioni. Soko lilikatika katikati, na magazeti ya Nairobi hayakuwa tena na njia halali ya kushuka hadi Tarime. Vikafuata vita vya Uganda, kisha miaka ya foleni za sabuni na sukari. Karatasi ilikuwa adimu. Mtu yeyote mwenye busara ya biashara angeshauri lisianzishwe gazeti la katuni wakati huo.

Saidi Bawji na Nico ye Mbajo hawakuomba ushauri. Walichukua silabi ya kwanza ya majina yao, Sa na Ni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ikawa na Sani. Ndani yake waliishi Ndumilakuwili, tapeli wa kila upande, Lodi Lofa, bwana mkubwa asiye na kitu, Komredi Kipepe, Pimbi, mfupi wa kimo na mrefu wa tamaa. Majuha tena, watoto wa Kalulu na Chakubanga, safari hii wakiongea Kiswahili cha Manzese na Kariakoo. Lakini katika kurasa hizo alikuwemo pia Madenge. Huyu hakuwa na mke. Madenge alikuwa mwanafunzi mtukutu, wa kukorofisha walimu na majirani, na kuchapwa. Kama miaka arobaini tu baada ya Archie, Kiswahili kikawa na kijana wa katuni anayechekwa na vijana wenzake.

Madenge hana gari wala duka la soda. Ana fimbo inayomsubiri. Ukimweka karibu na Dennis wa Waingereza wanafanana kama mapacha, lakini Dennis akichapwa ni mwisho wa kisa, na msomaji wetu alijua kwamba fimbo ya Madenge ni ileile iliyoegemezwa ofisini kwa mwalimu wa zamu. Kicheko chake kina jasho kidogo.

Sani huku mikoani lilisomwa kwa vipande. Nakala moja ilipita kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, bwenini, chini ya dawati, jalada likianguka kwanza, halafu ukurasa wa katikati, kisha yaliyobaki yakaishia kwa mama muuza karanga. Mimi kisa changu cha kwanza cha Lodi Lofa nilikifungua kutoka kwenye karanga za kukaanga. Kilikuwa na visanduku vitatu, cha nne kilikwenda na mteja mwingine, na mpaka leo sijui kama lile deni alililipa. Maneno yalikuwa yameandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa zilizobanana mpaka zikagusana na kichwa cha msemaji, kwa sababu mchoraji wetu tangu enzi hizo hajawahi kuamini kwamba picha inatosha. Watu wake wanaongea. Hata anayeanguka kutoka juu ya mti anapata muda wa kusema sentensi mbili na methali.

Mkurya, katika vichekesho hivi vya Dar es Salaam, na baadaye kwenye majukwaa na filamu za uchekeshaji, alipewa kazi moja: askari au mlinzi wa geti, mkali, mwenye kugeuza l kuwa r, anayemwita kila mtu mura na kuahidi kumkata. Wakurya wenyewe huicheka sana hiyo picha, wengine huiuza. Ila inarudia hila ileile ya zamani. Mura, ambaye kwao ni kijana, akifika kwenye jukwaa la mjini anazeeshwa: anapewa kirungu, koti la zamu ya usiku, na mke kijijini.

Kwa hiyo kuna katuni moja ambayo Tarime na Serengeti bado zinadai. Ni ya yule wa katikati. Kijana wa sekondari, tuseme ya miaka ya mwanzo ya Musoma Alliance, shule iliyofunguliwa na makanisa mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyeanza kusoma Kiingereza na aliye likizo ya Desemba nyumbani, ambako ng'ombe hawajui kwamba yeye ni msomi. Naikabidhi bure kwa mchoraji yeyote, nikianza na visanduku vinne.

Cha kwanza: Mwita amesimama nyuma ya ghala la mtama, ameshika barua, uso umeyeyuka. Bibi anatokea na ungo wake. Cha pili: bibi, ambaye hajui kusoma, anataka asomewe. Cha tatu: Mwita anakohoa, ananyoosha mgongo, anasoma kwa sauti ya mkutano kwamba barua imetoka kwa mwalimu mkuu, ni habari ya ada na jembe la shule. Cha nne: bibi ameichukua karatasi, ameipeleka puani, amefumba macho.

"Na mwalimu mkuu wenu, mume wangu, siku hizi anajipaka poda?"